Bima ya miwani inanidai diskaunti: sheria ya Texas inanilinda au hainilindi?

Swali limetoka kwa dada mmoja Mkenya, daktari wa optometria (wa kupima macho na kuandika miwani, sio wa upasuaji), kafungua kliniki yake ndogo nje kidogo ya Houston. Nalifupisha: "Kampuni ya bima ya miwani imeniletea mkataba unaosema lazima nimpe mgonjwa punguzo la asilimia 20 kwa vitu ambavyo bima yenyewe hailipi, kama miwani ya pili na kotingi (tabaka linalopakwa juu ya lenzi). Nikawaambia Texas kuna sheria inakataza hiyo, wakanijibu kwamba wagonjwa wengine ni wa mipango ya waajiri na sheria ya jimbo haiwahusu. Alafu kuna bima ya afya inamlipa daktari wa upasuaji wa macho jirani yangu zaidi ya mimi kwa kipimo kilekile cha mgonjwa wa sukari. Nani yuko sahihi, na nisaini au nisisaini?"

Dada, salamu, na pole na hizo karatasi maana najua mkataba wa hao watu unaweza kuja na kitabu cha mwongozo kinene kuliko mkataba wenyewe, na sumu iko humo kwenye kitabu. Jibu fupi ni kwamba wewe uko sahihi nusu na wao wako sahihi nusu, na kinachoamua nani yuko sahihi kwa mgonjwa fulani ni kadi aliyoitoa mfukoni. Madaktari wengi wanafungua sheria ya jimbo kwanza alafu wanaanza kugombana na bima kwa simu, wakati mtu wa kaunta angegeuza tu kadi pande zote mbili wangejua kama hiyo vita ni ya kwao au si ya kwao.

Nianze na kwa nini mambo yamekaa hivi, kwa sababu sisi tuliokulia Afrika Mashariki tumezoea bima kubwa ni moja ya taifa, NHIF ikiwa na tatizo nchi nzima inajua, ikigeuzwa SHA nchi nzima inalalamika siku moja. Marekani haiko hivyo. Mwaka 1945 Kongresi ilipitisha sheria ya McCarran-Ferguson ikasema bima zisimamiwe na majimbo, ndo maana Texas ina idara yake ya bima, Oklahoma yake, California yake, na kila moja ina bunge lake linalotunga sheria zake kuhusu optometria na miwani. Mpaka hapo wewe ungekuwa umeshinda. Lakini mwaka 1974 ikaja sheria ya shirikisho inaitwa ERISA, ya mafao ya wafanyakazi, hii inasema mwajiri akiamua kulipa matibabu ya watu wake kutoka mfuko wake mwenyewe, na ile kampuni ya bima ni karani tu wa kushughulikia klemu, yaani madai ya malipo, basi huo mpango hauhesabiwi kuwa bima mbele ya jimbo na jimbo haliwezi kuusimamia kama bima. Na usidhani ni wachache, uchunguzi wa 2024 wa KFF, shirika la utafiti wa mambo ya afya, ulionyesha asilimia 63 ya wafanyakazi wenye bima ya kazini wako kwenye mipango ya namna hiyo. Kwa hiyo yule mtu wa bima aliyekujibu kwenye simu hakubuni, ni kitu kipo kweli, ila kukitumia kama jibu la kila mgonjwa hapo ndo kakuzunguka.

Kwa nini nasema kakuzunguka? Kwa sababu ile asilimia 63 ni ya bima za afya, zile kubwa za hospitali. Bima ya miwani mara nyingi mwajiri anainunua pembeni, kifurushi cha dola chache kwa mwezi, na mara nyingi ni bima kamili kwa maana kampuni ndiyo inayobeba hatari, sio mwajiri. Mtu mmoja anaweza kuwa na kadi mbili kwenye pochi, ya afya ambayo mwajiri analipa mwenyewe na sheria ya Texas haigusi, na ya miwani ambayo ni bima kabisa na sheria ya Texas inaigusa. Ukikubali neno la jumla kwamba "ni mpango wa mwajiri" umewapa bure kitu ambacho hukutakiwa kuwapa.

Sasa kadi. Texas iliweka utaratibu kwamba kadi za bima ya afya iliyo chini ya usimamizi wa jimbo ziwe na herufi TDI au DOI, kwa kawaida ziko mbele pembeni kwa herufi ndogo ambazo mgonjwa hajawahi kuziona toka apewe kadi. Ukiziona, jimbo lina mamlaka. Usipoziona kwenye kadi ya afya, yawezekana sana ni mpango wa mwajiri anayelipa mwenyewe, na kadi nyingi za aina hiyo zina sentensi upande wa nyuma inayosema kampuni inatoa huduma za utawala tu na haibebi hatari ya kifedha. Hiyo sentensi ndo inakumaliza, kwa hiyo isome mapema. Kwa bima ya miwani mambo yamelegea zaidi, wengine hawatoi hata kadi, mgonjwa anakuja na jina na tarehe ya kuzaliwa, basi hapo waulize kwa maandishi swali moja tu: mpango wa huyu mgonjwa umekatiwa bima au mwajiri anaulipa mwenyewe? Wakijibu hifadhi jibu, na wasipojibu hifadhi pia hilo swali lako na tarehe.

Tuje kwenye diskaunti yenyewe maana hapo ndo kwenye hela. Sheria za aina hii zilianza kwa madaktari wa meno, Rhode Island walitangulia mwaka 2009, alafu watu wa macho wakaziiga jimbo baada ya jimbo mpaka sasa majimbo mengi yana kitu cha namna hiyo. Wazo lake ni rahisi, kama bima hailipi kitu basi isinipangie bei ya hicho kitu. Texas imo kwenye Insurance Code sura ya 1451, kwamba mkataba kati ya bima na daktari wa optometria usiweke ukomo wa bei kwa bidhaa au huduma ambayo haimo kwenye mpango, na usimlazimishe kutoa punguzo kwa hicho kitu. Kwa hiyo kile kipengele cha asilimia 20 ulichonitajia, kwa mgonjwa ambaye bima yake iko chini ya jimbo, kinagongana na sheria moja kwa moja.

Na usiione hiyo asilimia 20 kuwa ndogo. Tuseme miwani ya pili unaiuza dola 300, fremu na lenzi na labu (maabara inayokata lenzi) vimekula 150, unabaki na 150. Toa asilimia 20, unauza 240, gharama ni zilezile 150, umebaki na 90. Umetoa punguzo la asilimia 20 la bei lakini umekatwa asilimia 40 ya kilichobaki mkononi, na hapo hujalipa kodi ya pango, hujalipa mtu wa kaunta, hujalipa mashine ya kupiga picha retina uliyokopa. Mtu wa bima anajua hii hesabu vizuri kuliko wewe, ndo maana anaomba asilimia ya bei na sio asilimia ya faida.

Lakini subiri usishangilie, kuna mitego miwili. Wa kwanza ni malipo ya kiini macho. Bima zikishaona sheria inasema "kisicholipwa usikipangie bei", njia ya kwanza ya kuikwepa ni kukilipa kidogo mno. Wanaandika kotingi ya kuzuia mng'ao imo kwenye mpango, wanakulipa dola 5 au wanasema mgonjwa atalipa bei ya jedwali lao, na kwa kuwa "imo" basi bei wanapanga wao. Majimbo yaliyoshtuka yameongeza maneno kwamba malipo yawe ya maana na sio ya jina tu. Kwa hiyo unaposoma mkataba usitafute neno diskaunti peke yake, tafuta jedwali la bei za nyongeza za lenzi, progresivu (lenzi moja ya kuona mbali na karibu), polikaboneti (lenzi ngumu kuvunjika), kotingi, lenzi zinazobadilika rangi juani, alafu mbele ya kila moja uliza bima inatoa shilingi ngapi yake yenyewe na mgonjwa anatoa ngapi na labu inanikata ngapi. Kuna mistari utakuta bima haitoi hata senti, mgonjwa ndo analipa yote kwa bei waliyopanga, na wewe bado unakatwa gharama ya labu. Hiyo wanaita chajibeki, na ukiijumlisha kwenye miwani 10 za wiki unaweza kukuta unafanya kazi ya kuisaidia labu yao.

Mtego wa pili ni kikomo. Sheria hizi mara nyingi zinahesabu kuwa "kimo kwenye mpango" hata kile kitu ambacho bima ingekilipa kama si kikomo, mfano mgonjwa hajamaliza kiwango chake cha kwanza cha mwaka (kile anacholipa mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa), au kamaliza posho yake, au bima inatoa miwani mara moja kwa miezi 12 na yeye kaja mwezi wa nne. Sasa hiyo miwani ya pili uliyoniuliza inaangukia wapi? Kama mpango unasema miwani moja kwa mwaka, bima anaweza kukuambia ya pili imo ila imefungwa na kikomo cha mara ngapi, kwa hiyo bei yake bado inashika. Wewe utasema hapana, miwani ya pili haikuwahi kuwa fao kabisa. Hapo ndo mwanasheria anakula hela. Mi msimamo wangu, soma ufafanuzi ulioko mwanzoni mwa hiyo sehemu ya sura 1451 neno kwa neno na uuweke pembeni ya ufafanuzi wa mkataba wako, na kama mkataba umetoa ufafanuzi mpana kuliko sheria, waandikie waubadilishe kabla ya kusaini, sio baada. Kotingi na vitu ambavyo havimo popote kwenye jedwali uko salama zaidi, miwani ya pili ni ya kugombania.

Mwaka 2023 Texas ikaongeza moto, Bill ya Bunge namba 1696, ikasainiwa na gavana Abbott na ikaanza tarehe 1 Septemba 2023. Hii ilienda mbali. Ilikataza bima kuwapanga madaktari kwa madaraja kwa sababu ya punguzo wanalotoa au kiasi cha bidhaa wanachonunua kwa muuzaji fulani, yaani ile nyota au beji kwenye orodha ya mtandaoni inayomwambia mgonjwa nenda kwa huyu. Ilikataza kumsukuma mgonjwa kwenda kwenye maduka ambayo bima inayamiliki au ina uhusiano nayo. Ikagusa chajibeki, ikagusa ukaguzi ule wa kuchukua mafaili machache wakakuta kosa alafu wakapiga hesabu kama vile kosa liko kwenye mafaili yote wakudai maelfu.

Ukitaka kuelewa kwa nini walikasirika kiasi hicho angalia nani anamiliki nini kati ya kampuni kubwa za bima ya miwani. VSP ilianzishwa na madaktari wa optometria wenyewe kule California mwaka 1955, leo chini ya mwavuli wake kuna Marchon inayotengeneza fremu na kuna Visionworks, maduka yenye makao San Antonio hapohapo Texas, walichukua 2019. EyeMed iko chini ya EssilorLuxottica, ambao ndo wenye Ray-Ban, Oakley, LensCrafters, Pearle Vision, na lenzi za Essilor. Versant, wenye Davis na Superior, wakanunuliwa na MetLife. Kwa hiyo anayeamua wewe ulipwe ngapi ndiye anayekuuzia fremu, ndiye mwenye labu, na ana duka lake mtaa wa pili. Refa ana timu kwenye ligi. Sisemi wanavunja sheria kwa kumiliki vitu, biashara ni biashara, na kuna upande wao wa kuusikiliza pia: wanasema wakizuiwa kupanga bei za kotingi mgonjwa ndo atalipa zaidi, na kiukweli kwa baadhi ya wagonjwa ni hivyo, dada wa Kikongo mwenye watoto wanne wote wanavaa miwani anaiona hiyo tofauti ya bei kabla yako. Lakini punguzo ambalo anayelitangaza sio anayeligharamia, mimi siliiti fao.

Sasa angalizo kubwa kuhusu hiyo sheria ya 2023. Watu wa bima hawakukaa kimya, walienda mahakama ya shirikisho wakadai kwamba kuwakataza kumwambia mgonjwa aende wapi ni kuwanyima uhuru wa kusema, ule wa Marekebisho ya Kwanza ya katiba. Kwa hiyo vipengele vya madaraja na vya kumsukuma mgonjwa usivitegemee kwenye barua utakayowaandikia bima mpaka mwanasheria wa chama chenu cha optometria cha Texas akuambie hali ya kesi ilivyo wiki hiyo unayoandika. Kile cha zamani cha bei ya vitu visivyomo hakina uhusiano na kumnyima mtu kusema, hicho kitumie bila hofu.

Nahamia kwa jirani yako wa upasuaji. Hapa naomba uelewe kwamba umetoka kwenye sheria moja umeingia kwenye nyingine kabisa, hata kama mgonjwa ni yuleyule na jicho ni lilelile.

Medicare kwanza, bima ya serikali ya shirikisho hasa ya wazee, kwa sababu ndo iliyo nyoofu. Toka Aprili 1987 Medicare inamhesabu daktari wa optometria kama daktari kwa kila anachoruhusiwa kufanya na leseni ya jimbo lake, na jedwali la malipo ni lilelile, ukiandika 92014, namba ya klemu ya kipimo kamili cha macho, kwa mgonjwa wa sukari unalipwa kiwango kilekile anacholipwa yeye mtaa uleule. Nesi mwenye leseni ya juu anakatwa analipwa asilimia 85, wewe hukatwi. Kwa hiyo kama tofauti unayoiona ni ya Medicare, kuna mtu kakosea mahali na inarekebishika.

Bima binafsi ndo shida. Sheria ya Obama ya 2010 ya bima za afya ina kifungu kidogo, 2706, kilichoanza kufanya kazi 2014, kinasema mpango wa afya usimbague mtoa huduma anayefanya kazi ndani ya leseni yake, iwe kumwingiza kwenye paneli (orodha ya watoa huduma wa bima) au kulipia anachofanya. Tamu sana. Ila kifungu hichohicho kinasema hailazimishi bima kumpokea kila anayetaka kuingia, na kinaruhusu viwango tofauti vya malipo kwa sababu ya ubora au utendaji, na bima yoyote ikibanwa itasema tofauti ni ya ubora. Kongresi mwishoni mwa 2020 iliziagiza wizara zitoe rasimu ya kanuni kufikia Januari 2022, tarehe ikapita bila kanuni. Sheria ipo, meno hayajaota. Daktari mmojammoja akilalamika kwa kifungu hiki peke yake anajibiwa barua nzuri ya kurasa mbili na hakuna kinachobadilika. Texas nayo kwenye ile sura 1451 inakataza mpango kumbagua mtu kwa sababu tu ni optometrista, hiyo inakusaidia zaidi kwenye kuzuiwa kuingia paneli ya matibabu au kumkataza mgonjwa asije kwako, kuliko kwenye kulinganisha senti kwa senti na jirani.

Na sasa angalia hii ilivyokaa, maana ndo kitu nilichotaka ukishike kuliko vyote. Kifungu cha 2706 kinafika mpaka kwenye ile mipango ya afya ambayo mwajiri analipa mwenyewe, kule ambako Texas haifiki. Lakini hakifiki kwenye bima ya miwani inayouzwa peke yake, kwa sababu sheria ya Obama inaihesabu kama fao la pembeni na imeiacha nje. Bima ya miwani iliyokatiwa kabisa, Texas inafika. Kwa hiyo ukiwa na malalamiko ya bei ya kotingi unakwenda kwa jimbo, ukiwa na malalamiko ya kubaguliwa kwenye mpango wa afya wa mwajiri mkubwa unakwenda Washington, Wizara ya Kazi, na ukizibadilisha barua utajibiwa na wote wawili kwamba hawahusiki. Nimeona kliniki zinakata tamaa zikisema sheria hazifanyi kazi, kumbe barua ilikuwa sahihi, bahasha ndo ilikosewa.

Utauliza kama mahakama hazijawahi kuivuka hiyo ukuta ya ERISA. Zimejaribu. Mwaka 2003 Mahakama ya Juu kwenye kesi ya Kentucky ilisema majimbo yanaweza kuzilazimisha bima kumpokea mtoa huduma yeyote aliye tayari kukubali masharti yao. Desemba 2020 kwenye Rutledge, kesi ya Arkansas kuhusu bei wanazolipwa wafamasia, majaji 8 kwa 0 walisema jimbo kudhibiti bei peke yake hakuvunji ERISA hata kama inagusa mipango ya waajiri. Watu wa macho tukafurahi sana. Alafu 2023 mahakama ya rufaa ya mzunguko wa 10 kwenye kesi ya Oklahoma ikasema, haya, bei sawa, lakini jimbo likianza kupanga mtandao wa watoa huduma uweje hapo limevuka. Kwa hiyo dirisha liko wazi kidogo upande wa bei, na ndo hoja ambayo mwanasheria mzuri angeweza kuitumia siku moja kwa kotingi za miwani, ila siku hiyo isiwe kwa gharama yako wewe mwenye kliniki ya mwaka wa kwanza.

Kule juu Washington kuna muswada unaitwa DOC Access, wa meno na macho pamoja, lengo lake ni kuweka hii ya vitu visivyomo iwe ya nchi nzima pamoja na ile mipango ya waajiri. Umepelekwa Kongresi mara nyingi, unapata wa kuuunga mkono wa vyama vyote viwili, alafu unakufa. Usiupangie bajeti.

Kuna jambo hujaliuliza lakini barua yako inalionyesha. Umesema mgonjwa wa sukari, alafu umetaja malipo madogo. Naomba uangalie hao wagonjwa unawapeleka kwenye kadi ipi. Kliniki changa nyingi mtu akija na bima ya miwani kila kitu kinatupwa huko kwa sababu ni rahisi, unaingia kwenye tovuti yao unapata idhini papo hapo. Lakini mtu aliyekuja kwa sababu daktari wake wa sukari kamwambia akapimwe retina, ile ni ziara ya matibabu, sababu ya kuja iandikwe hivyo kwenye faili kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe, utambuzi uwe wa kisukari na sio myopia (kutoona vizuri vya mbali), na klemu iende kwenye bima ya afya. Kupima namba ya miwani siku hiyo, ile 92015, ni kitu cha pembeni, Medicare hailipi kabisa kwa sheria, mgonjwa analipa mfukoni na mweleze kabla hajakaa kwenye kiti sio wakati anatoka. Jirani yako wa upasuaji hana maswali haya kwa sababu hauzi miwani, kila anayeingia kwake ni wa matibabu, na sehemu ya hiyo tofauti unayoiona inawezekana sio kiwango, ni kadi. Chukua klemu 10 za sukari za mwezi uliopita uziangalie zilienda wapi kabla hujaandika barua ya ubaguzi.

Ila usivuke upande wa pili, mtu kaja kubadilisha miwani tu, hana lalamiko lingine, ukampachika jicho kavu ili ulipwe na bima ya afya. Hiyo inaitwa udanganyifu na hakuna sheria ya jimbo lolote itakayokutetea, na mgonjwa mwenyewe ndo atakulipua akiletewa bili ya kiwango chake cha kwanza ambayo hakuitarajia.

Kuhusu kulipwa kwa wakati, kwa sababu najua litakuja: Texas kwa mipango iliyo chini ya jimbo klemu safi iliyotumwa kielektroniki ilipwe ndani ya siku 30, ya karatasi siku 45, wakichelewa kuna adhabu zinazopanda kadri siku zinavyozidi. Nazo haziwahusu wale wa waajiri wanaolipa wenyewe. Kadi tena.

Haya, nisaini au nisisaini. Mimi nisingesaini hivi ulivyo, na pia nisingeutupa. Waandikie barua fupi, isiwe ya hasira, wala usimtaje gavana. Sema kipengele cha punguzo kwa vitu visivyomo kinapingana na sura 1451 kwa mipango iliyo chini ya jimbo, na unaomba kiondolewe au kiongezwe maneno "pale sheria ya jimbo inaporuhusu". Mara nyingi hayo maneno ya mwisho wanayakubali haraka kwa sababu hayawalazimu kukiri kitu, na kwako yanatosha. Omba jedwali lote la bei na la chajibeki liambatanishwe kwenye mkataba kama sehemu yake, sio kwenye kitabu cha mwongozo ambacho wanaweza kukibadilisha kwa kuweka toleo jipya mtandaoni. Angalia kama kuna kipengele kwamba ukiingia bima ya miwani lazima uchukue na mipango yao mingine yote ya sasa na ya baadaye, hicho kikatae. Angalia siku za notisi ya kutoka kwenye mkataba, kama ni 90 vizuri, kama ni mwaka mzima ongea nao. Wakikupa chaguo la kulipwa zaidi kwenye kipimo ukikubali diskaunti kwa hiari yako, piga hesabu kama ile ya dola 300 hapo juu kwa idadi ya miwani za pili unazouza kweli, kuna kliniki inalipa kukubali na kuna kliniki haitalipa kamwe.

Wakikataa yote, una njia ya malalamiko kwa idara ya bima ya Texas, wanapokea kutoka kwa watoa huduma na sio wagonjwa peke yao, fomu iko mtandaoni, ambatanisha kadi pande zote mbili, ukurasa wa mkataba, na lile jibu lao la maandishi kama mpango umekatiwa bima. Na bunge la Texas linakaa siku 140 kila miaka miwili, mwaka wa namba witiri, kuanzia Januari, kwa hiyo kama una mfano mzuri wenye namba halisi upeleke kwenye chama chenu mwaka mmoja kabla, sio Februari wakati kila mtu ana mswada wake mkononi.

Nitumie hilo jedwali la chajibeki ukilipata, ficha majina ya wagonjwa kama yamo. Nataka kuona wamekuwekea ngapi kwenye progresivu, hapo ndo huwa wanaficha.